Juu ya Kitabu Nilichokisoma Nikiwa Mtu Mzima

Viko vitabu ambavyo mtu hukutana navyo katika utoto wake, akavisoma kwa furaha, kisha akavisahau. Viko na vingine vinavyomngoja hata awe mtu mzima, mwenye nyumba, watoto na kazi, ndipo vimfikie mkononi. Kwangu mimi kitabu cha namna hii ya pili ni Weep Not, Child, na kwa lugha yetu jina hilo ni kama kusema, "Usilie, mwanangu." Mtungaji wake ni Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, nacho kilichapishwa mwaka 1964. Mimi nalikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 34, na tangu siku ile sijaweza kusimama mbele ya darasa kama nalivyosimama kwanza. Leo nataka kueleza sababu, na kukipima kitabu chenyewe kwa haki, uzuri wake na upungufu wake.

Msistaajabu kwamba mwalimu amechelewa hivyo. Kitabu hiki kimesomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki, lakini darasa letu lilipewa vitabu vingine, na mtihani ukiisha mwanafunzi huona kwamba kusoma nako kumekwisha. Hata mwaka mmoja mwalimu mwenzangu alihamishiwa mbali, akaniachia sanduku la vitabu kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kulichukua. Sanduku likakaa chini ya kitanda changu miezi mingi. Ikaja masika, nanyi mwajua masika yetu ya Kyela yalivyo: mito ikafurika, mashamba ya mpunga yakawa kama ziwa la pili, nami nikakaa nyumbani siku mbili bila kwenda po pote. Ndipo nalipolivuta sanduku nitazame kama maji hayakuingia. Kitabu cha juu kabisa, kidogo, jalada lake limechanika, kilikuwa hiki.

Lakini kabla sijaeleza habari za kitabu yanipasa kueleza jambo jingine, maana bila hilo nisingalikisoma kwa moyo ule. Wiki chache kabla ya mvua hizo nalipanda pikipiki ya kijana mmoja kutoka hapa Talatala kwenda Kyela mjini. Kijana yule nalimfundisha mimi mwenyewe tangu darasa la tano hata la saba. Alikuwa mtoto mwema, mwenye kusikiliza. Alifaulu, akaenda sekondari, akamaliza kidato cha nne. Wazazi wake waliuza kakao yao mwaka baada ya mwaka ili apate sare, madaftari na chakula. Tulipofika mjini nalitoa fedha nimlipe, akakataa, akasema kwa adabu: "Mwalimu wangu, siwezi kupokea fedha yako. Lakini nina swali. Ulituambia siku zote kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Ufunguo ninao, umo sandukuni kwa mama. Je, mlango wenyewe uko wapi?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kama mtu aulizavyo njia. Nikamjibu maneno ya kumtia moyo, kama ilivyo desturi yetu walimu, lakini njia nzima ya kurudi nalijua kwamba sikumjibu. Basi nalifungua kitabu nikiwa bado na swali lile moyoni.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika nchi ya Wagikuyu, baada ya Vita Kuu ya pili, yuko mtoto aitwaye Njoroge. Siku moja mama yake, Nyokabi, amwuliza kama ataka kwenda shule. Mtoto aogopa, asije mama akayageuza maneno yake. Mama amwambia mapema kwamba wao ni maskini, na huenda asipate chakula cha mchana kama watoto wengine. Mtoto akubali yote. Tangu hapo nyumba nzima yabeba tumaini moja, kwamba Njoroge atasoma, na kwa masomo yake watu wake watainuka. Ndugu yake Kamau ajifunza useremala kwa fundi Nganga, ambaye mara nyingi humpa mtoto mchanga ambebe badala ya kumpa randa apige. Hata hivyo Kamau hamwonei kijicho mdogo wake, bali baadaye amsaidia kulipa ada.

Baba yao ni Ngotho. Afanya kazi katika shamba la Mzungu aitwaye Howlands, na shamba lile ndiyo ardhi ya baba zake Ngotho mwenyewe. Yeye alichukuliwa katika Vita Kuu ya kwanza, na aliporudi aliikuta ardhi ina mwenyewe mwingine. Nyumba zake zimejengwa katika eneo la Jacobo, Mwafrika tajiri aliyeruhusiwa kulima pareto. Binti Jacobo, Mwihaki, ndiye rafiki wa Njoroge shuleni.

Kisha mambo yaharibika. Wafanyakazi wagoma. Katika mkutano wao Jacobo aletwa pamoja na polisi awaambie watu warudi kazini, na Ngotho, mtu mpole siku zote, ainuka akamwendea. Kwa tendo hilo moja apoteza kazi na mahali pa kukaa. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, nayo ikadumu hata mwaka 1960. Katika kitabu ndio wakati ambapo Boro, mwana wa Ngotho aliyepigana katika vita ya Wazungu na kumpoteza nduguye Mwangi huko, aingia msituni. Jacobo afanywa chifu. Howlands apewa kazi ya Bwana Shauri. Katikati ya hofu hiyo Njoroge afaulu mtihani wake, watu wa kijiji wachanga fedha, naye aenda shule kubwa ya Siriana. Lakini Jacobo auawa, na askari waja kumtoa mtoto shuleni.

Mtungaji hakuyatoa haya hewani. Alizaliwa mwaka 1938 huko Limuru. Katika kitabu cha habari za utoto wake, Dreams in a Time of War, kilichotoka mwaka 2010, aeleza jinsi mama yake mwenyewe, Wanjikũ, alivyomwuliza kama angependa kwenda shule, na jinsi walivyofanya mapatano kwamba mtoto atafanya bidii yake yote ijapokuwa kuna njaa. Kaka yake aliingia msituni. Riwaya hii aliitunga angali mwanafunzi katika chuo cha Makerere huko Uganda. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 2025 katika Marekani, akiwa na umri wa miaka 87.

Kama ningalikisoma kitabu hiki nikiwa na miaka 15, najua ningalimfuata Njoroge peke yake, nikangoja kuona kama atafaulu. Lakini nalikisoma nikiwa baba wa watoto, na macho yangu yalikwenda kwa Ngotho. Usiku mmoja Ngotho awasimulia wanawe habari za Gikuyu na Mumbi, wazee wa kwanza wa kabila lao, na jinsi ardhi ilivyopotea. Wadogo wasikiliza kama watoto wasikilizavyo hadithi za jioni. Boro hasikilizi hivyo. Amwuliza baba yake awezaje kuendelea kumtumikia mtu aliyeichukua ardhi yao. Ngotho hana jibu. Tangu usiku ule neno lake halina uzito nyumbani mwake.

Sisi wa nchi hii twaweza kulielewa jambo hili vizuri. Zamani za babu zetu, vijana wa Kinyakyusa walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga kijiji chao pamoja na wenzao wa rika moja. Walipokwisha kuoa na kukomaa, na baba zao kuzeeka, ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, ndipo wazee walipowaachia vijana mamlaka na kuwagawia ardhi. Bibi Monica Wilson, aliyekaa katika nchi yetu kati ya mwaka 1934 na 1938, aliyaandika hayo katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Desturi ile imekwisha, lakini maana yake haikufa. Baba ni mtu mwenye kitu cha kumkabidhi mwana. Sasa mtazameni Ngotho. Atakabidhi nini? Ardhi ya baba zake ni ya Howlands, na kiwanja cha nyumba yake ni cha Jacobo. Dhuluma haikuishia katika udongo, bali ilimnyang'anya hata neno lake mbele ya wanawe. Na mtoto asiyeweza tena kumtazamia baba hutafuta kitu kingine cha kutazamia. Boro alitafuta bunduki, Njoroge akatafuta shule.

Jambo hili mtungaji alionyesha kwa ustadi, bila kelele. Mahali pamoja awaweka Ngotho na Howlands wakitembea pamoja shambani. Wote wawili waipenda ardhi ile. Kila mmoja moyoni mwake ahesabu kwamba ni yake, na kila mmoja awaza juu ya mwana atakayeirithi. Howlands naye amefiwa na mwanawe Peter vitani. Msomaji akifika hapo hawezi kumchukia mtu upesi. Aona kwamba mtu aweza kukipenda kitu kwa kweli, akakitunza kwa jasho lake, na huku kitu chenyewe si haki yake. Wala watu wa msituni hawafanywi malaika, maana Boro amekuwa mtu asiyeamini neno lo lote ila kisasi. Waandishi wengi waliosimulia habari za vita ile walitaka msomaji achague upande kwanza. Kitabu hiki chataka aone kwanza.

Sasa niseme juu ya dini, kwa kuwa kitabu chenyewe chaigusa. Njoroge ni msomaji wa Biblia. Ampenda Daudi aliyemshinda Goliathi, na afikiri kwamba watu wake ni kama wana wa Israeli, watakaotolewa utumwani kwa wakati wake. Yuko na mwalimu wake, jina lake Isaka, Mkristo. Siku moja Isaka aenda pamoja na wanafunzi kwenye mkutano wa dini, askari wawasimamisha njiani na kudai karatasi zao. Isaka hana za kwake. Amtaja Mwokozi wake, nao wamcheka. Wengine waambiwa waende zao, na wakiwa wamekwenda kidogo wasikia mlio wa bunduki nyuma yao.

Nalisoma sehemu ile mara mbili, kwa kuwa mimi nami ni mwalimu. Mtungaji haidhihaki imani ya mtoto, lakini auliza swali gumu. Mtoto aliyefundishwa kwamba mwenye haki hushinda, afanyeje siku amwonapo mwenye haki akiuawa kando ya njia? Ayubu naye aliuliza swali la namna hii, nalo limo katika Kitabu hicho hicho. Sisi walimu twapenda kuwafundisha watoto habari za Daudi, na mara nyingi twamwacha Ayubu hata wamfikie wenyewe, kila mtu katika msiba wake.

Wengine watasema kwamba habari za mateso zimetiwa chumvi. Katika kitabu Kamau akamatwa kwa ajili ya kifo cha Jacobo. Ngotho, ili amwokoe mwanawe, ajitwika kosa lile mwenyewe. Ateswa, ahasiwa, arudishwa nyumbani afe. Njoroge naye, mtoto wa shule, aletwa mbele ya watesaji wale wale. Mimi mwenyewe nalidhani kwamba kijana mtungaji alizidisha. Lakini tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya Bunge lake kwamba Wakenya waliteswa wakati ule, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9. Miongoni mwa wazee waliofungua kesi ile London alikuwako mtu aliyehasiwa. Basi hesabuni wenyewe: riwaya ilisema mwaka 1964, serikali ikakiri mwaka 2013. Ni miaka 49. Watu hudharau hadithi wakisema ni maneno ya kupitisha wakati, na kumbe hadithi njema yaweza kuhifadhi maneno ya shahidi hata wapatikane watu walio tayari kuyasikia.

Katika Marekani kiko kitabu kingine kinachosifiwa sana, To Kill a Mockingbird cha Bibi Harper Lee, kilichotoka mwaka 1960. Nacho pia chasimulia habari za dhuluma kwa macho ya mtoto, na walimu wengi hupenda kuvilinganisha vitabu vya namna hii. Humo msichana wa Kizungu aitwaye Scout amwona baba yake Atticus, mwanasheria, akimtetea mahakamani mtu mweusi, Tom Robinson, aliyesingiziwa kosa asilolitenda. Tom ahukumiwa ijapokuwa hana hatia, kisha auawa akijaribu kukimbia gerezani. Ni kitabu chema, nami nawashauri wenye kujua Kiingereza wakisome. Lakini angalieni tofauti. Scout aiona dhuluma ikimpata mtu mwingine, na jioni arudi nyumbani kwa baba mwenye heshima, awezaye kusimama mbele ya hakimu na kusema. Njoroge hana nyumba ya namna hiyo. Dhuluma imeketi ndani ya nyumba yake, na baba yake akisimama mbele ya wakubwa hasikilizwi, hupigwa. Tom Robinson naye alikuwa na watoto. Je, wao walisema nini usiku ule walipoambiwa kwamba baba harudi? Bibi Lee hakutupeleka nyumbani kwao kukaa nao. Ngũgĩ amekaa nyumbani kwa mtoto wa namna ile tangu mwanzo wa kitabu hata mwisho, maana yeye mwenyewe alilelewa katika nyumba ya namna ile.

Nimekisifu kitabu, sasa niseme upungufu wake, maana sifa tupu si kazi ya msomaji mwaminifu. Kwanza, mtungaji alikuwa kijana bado, na mara kwa mara haamini kwamba msomaji ameelewa. Akiisha kutuonyesha jambo, atueleza tena Njoroge aliwaza nini na alisikitika jinsi gani. Pili, sehemu ya mwisho yaenda mbio mno. Kifo, kifungo na mateso vyafuatana kwa kurasa chache, hata msomaji hapati nafasi ya kumlilia mmoja kabla hajaletewa mwingine. Tatu, Nyokabi na mke mwenzake Njeri ndio walioishika nyumba isianguke, lakini mawazo yao twayasikia kwa nadra. Hata Mwihaki, ambaye naona ana busara kumpita Njoroge, ningalitaka kukaa naye zaidi.

Upungufu wa nne si wa utungaji, ni wa lugha. Mama aliyempeleka mtoto shule asingaliweza kukisoma kitabu alichokiandika mwanawe, maana kimeandikwa kwa Kiingereza. Mtungaji mwenyewe aliliona jambo hili baadaye. Alipowekwa kizuizini bila kesi, mwaka 1978, alianza kutunga riwaya kwa Kigikuyu, na tangu hapo akasisitiza kwamba Mwafrika aandike kwa lugha ya watu wake. Mimi namsifu kwa hilo, ijapokuwa kama angaliandika Kigikuyu tangu mwanzo, mimi wa Talatala huenda nisingalikisoma kitabu chake hata leo.

Sasa nimefika mwisho wa hadithi, na ndipo penye neno nililotaka kulisema tangu mwanzo. Ngotho amekufa. Boro amemwua Howlands, naye pamoja na Kamau wako mikononi mwa serikali. Njoroge, aliyekuwa tumaini la kijiji, amekuwa mtumishi wa duka la Mhindi, na hata kazi hiyo aipoteza. Amwendea Mwihaki, ambaye baba yake naye ameuawa, na kumwomba wakimbilie Uganda. Mwihaki akataa. Asema kwamba wanao wajibu, na kwamba hawawezi kuwaacha watu wao. Njoroge abaki hana kitu. Usiku ataka kujitoa uhai. Mama yake atoka kumtafuta gizani, amwita kwa jina, naye arudi pamoja naye akiwa ameona haya, akijihesabu kuwa mwoga. Na tendo la mwisho katika kitabu ni hili, kwamba atangulia mbio nyumbani, awafungulia mlango mama zake wawili.

Naliposoma hayo nalimkumbuka kijana wa pikipiki na mlango wake.

Njoroge aliamini kwamba shule ni ufunguo wa mlango wa kutokea, kwamba ipo siku atautia mahali pake, autekenye, atoke katika umaskini na taabu, kisha awavute na wenzake. Hakujiambia hivyo mwenyewe; sisi wakubwa ndio tuliomwambia. Baba, mama, ndugu, walimu na kijiji kizima waliweka mzigo wao wote juu ya mabega ya mtoto mmoja, wakauita mzigo ule elimu. Shule yaweza kumpa mtoto kusoma, kuhesabu, kuijua dunia na kuijua haki yake. Haiwezi kurudisha ardhi iliyochukuliwa, wala kuumba kazi isiyokuwako, wala kumfanya hakimu awe mwadilifu. Hayo ni kazi ya watu wazima. Tusipomwambia mtoto hivyo, siku mambo yashindikanapo hudhani kwamba kosa ni lake peke yake. Naona ndiyo sababu Njoroge alitaka kufa. Dhuluma iliyotendwa na wengine aliibeba kama aibu yake mwenyewe.

Wako wasomaji wasemao kwamba mwisho huu ni wa kukata tamaa, kwa kuwa mtoto ajiita mwoga na hadithi yaishia hapo. Mimi naona vingine. Kwa miaka mingi nyumba ile ilimfanyia Njoroge kila kitu. Walilala na njaa, wakachanga, wakanyamaza, ili yeye asome. Sasa yeye aifanyia nyumba kitu kimoja kidogo mno, kufungua mlango ili mama wawili waingie. Mlango ule hautaki cheti cha Siriana. Wala si mlango wa kutokea, ni wa kuingilia. Mtungaji hatuambii kwamba kesho itakuwa njema. Atuonyesha tu mtu anayeanza tena, akianza na walio karibu naye. Kwangu neno hilo lina nguvu kuliko ahadi nyingi ambazo mimi mwenyewe nimezitoa darasani kwa miaka zaidi ya kumi.

Tangu nilipokisoma kitabu hiki sijaacha kuwahimiza watoto wasome. Mtu asinielewe vibaya. Mtoto asiyejua kusoma hudhulumiwa kwa wepesi zaidi, akatia kidole chake mahali asipopajua. Lakini nimeacha kusema kwamba elimu ni ufunguo kana kwamba mlango uko tayari na unamngoja kila mmoja. Nawaambia watoto kwamba wasome ili waone, na kwamba wakishindwa kupata kazi si lazima kosa liwe lao. Nawaambia na wazazi katika mikutano ya shule kwamba mtoto si ng'ombe wa kuwekwa akiba. Wengine wanisikiliza, wengine waona kwamba mwalimu amepoteza moyo. Sikupoteza moyo, wapendwa. Nimeona tu kwamba tumaini lenye kweli ndani yake hudumu kuliko tumaini la kubembeleza.

Kijana yule nalimtafuta. Nalimkuta kituoni akingoja abiria, nikampa kitabu, nikamwambia: "Swali lako sikulijibu siku ile, wala leo sina jibu lake lote. Lakini yuko mwingine aliyeuliza kabla yako." Alikitazama, akacheka kidogo kwa sababu ya jalada lake lililochanika, akakitia ndani ya koti. Sasa hukisoma kidogo kidogo, kurasa mbili tatu asubuhi kabla abiria hawajawa wengi, na akikwama katika neno la Kiingereza huniuliza tukikutana njiani. Juzi alisimamisha pikipiki mbele ya shule, asiniulize maana ya neno, bali akaniuliza hivi: "Mwalimu, yule mama aliyempeleka shule, je, mwisho ataona faida yake?"

Nalitaka kumjibu, kisha nikajizuia. Nikamwambia aendelee kusoma, na akiisha amaliza, aje tuzungumze.

Ndimi mwalimu wenu,
Talatala, Kyela.